Mtoko wa Kwanza: Nani Atume Nauli?

Kuna ugomvi mmoja usioisha kwenye simu za vijana wa Dar es Salaam. Kijana amemwalika binti watoke. Binti amekubali, kisha akaandika: "Nitumie nauli, na ya kutolea." Kijana akatuma. Saa ya miadi imefika, simu ya binti haipatikani. Upande wa pili nao una kesi yake. Binti ametoka kwa nauli yake, amekatiza mji mzima, na anapokaribia kufika anapokea ujumbe kwamba mahali pamebadilika, sasa wakutane nyumbani kwa kijana, na jua limeshazama. Mmoja ameliwa nauli, mwingine amewekwa hatarini, na wote wawili watawasimulia rafiki zao kwamba wanawake ndivyo walivyo, wanaume ndivyo walivyo.

Naamini kesi hizi mbili zina chanzo kimoja: tunaubebesha mtoko wa kwanza mzigo usio wake. Kwa hiyo hoja ninayoiweka mezani ni hii. Mtoko wa kwanza uwe mdogo: wa mchana, wa muda mfupi, mahali penye watu, kwa gharama ambayo kila mmoja angeweza kujilipia, na masharti yake yasemwe kabla ya mtu kutoka nyumbani.

Watakaoijadili ni wanne, watu wa aina inayopatikana katika kila mtaa wa jiji hili. Yupo fundi simu wa Kariakoo anayeishi Mbagala. Yupo muuguzi anayeishi Kimara. Yupo mhudumu wa mgahawa wa Sinza. Na yupo shangazi wa Temeke, ambaye amekuwa somo wa mabinti wengi na ameketi kwenye posa nyingi.

Nauli

FUNDI: Shikamoo Shangazi.

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Anza wewe.

FUNDI: Mimi nasema mtu mzima anayetaka kuonana na mwenzake ajilipie nauli. Kwa njia nyingi za mjini daladala haifiki hata elfu moja. Lakini mtu anaomba elfu ishirini, na ya kutolea juu yake. Hiyo si nauli, huo ni mzinga. Na ukishatuma, umeshampa sababu ya kutokuja, maana alichokuwa anakitaka ameshakipata.

MUUGUZI: Kaka, umehesabu nauli ya kwenda tu, tena ya mchana. Mimi natoka zamu jioni. Umeniita Mikocheni saa mbili usiku. Tutakaa, tutakula, nitarudi Kimara saa tano. Saa hizo sisimami kituoni peke yangu kusubiri gari, nitachukua bajaji au Bolt. Hizo elfu ishirini unazolalamikia ni bei ya saa uliyoichagua wewe.

FUNDI: Hapo nakubali, usiku una bei yake. Lakini walionila nauli mimi hawakuwa na zamu, na niliwaita mchana.

MUUGUZI: Waliokula walikula, siwatetei. Kama mtu hana nia ya kuja, aseme hapana. Kuchukua pesa ya safari usiyokusudia kuifanya ni wizi, hata kama ni elfu tano. Ninachokataa ni kufanywa mtuhumiwa kabla sijafika. Kuna wanaosema, "Njoo, nitakurudishia ukifika." Nikifika akakasirika kwamba sikuvaa alivyotaka, hiyo pesa ya kurudia naidai wapi?

SHANGAZI: Wanangu, nyote mnabishana juu ya pesa, na mimi naona kosa lilianza kabla ya pesa. Enzi zetu kijana hakumwita binti wa watu akatize mji kumfuata. Aliyekuwa na haja ndiye aliyetembea. Alikwenda yeye, au alimtuma mshenga, na miguu iliyochoka ilikuwa ya upande wake. Leo mwenye haja amekaa kwao, anayehitajika ndiye anasafiri. Ndiyo maana pesa lazima itumwe, na ikitumwa lazima ilete maneno.

FUNDI: Kwa hiyo Shangazi unasema mimi wa Mbagala niende Kimara?

SHANGAZI: Nasema usogee. Kama una nia, sogea.

MUUGUZI: Asogee, lakini asifike mlangoni. Mtu nisiyemjua sitaki ajue kituo ninachoshukia wala duka ninalonunua maji. Mimi kwa mwendokasi nafika Posta bila kubadilisha gari, na yeye kutoka Mbagala anafika mjini kwa daladala. Tukutane hapo katikati, Jumamosi saa tisa alasiri. Nauli yangu najilipia, yake anajilipia, hakuna wa kumtumia mwenzake chochote.

FUNDI: Hilo nalipokea. Ingekuwa hivyo nisingekuwa na kesi.

MWANDISHI: Mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria mwaka 2016, na moja ya mambo yaliyorahisishwa nayo ni hili: watu wa pande mbili za mji wanaweza kukutana katikati mchana kwa gharama ndogo. Nauli kubwa inatokana na usiku na umbali. Ondoa hivyo viwili, ugomvi unabaki na kidogo sana cha kugombania. Na ikiwa mwaliko umelazimika kuwa mbali au usiku, basi aliyeuchagua usiku huo ndiye abebe gharama ya mwenzake kurudi salama, mwanamume au mwanamke.

Mahali

MHUDUMU: Niruhusuni niseme ninachokiona kazini. Wanaingia wawili, wamependeza, wanakaa. Nikileta menyu, kijana haangalii chakula. Kidole chake kinateremka upande wa kulia, kwenye bei, kuanzia juu hadi chini, kisha kinarudi juu. Binti naye ameshakiona hicho kidole. Anasema, "Mimi nitakunywa maji tu." Nusu saa yote inayofuata hakuna anayezungumza kwa raha, kwa sababu meza nzima inafikiria bili. Hawa walichagua mahali pa kuonyeshana. Wangechagua mahali wanapopajua bei, wangezungumza.

FUNDI: Lakini kaka, ukimpeleka mtu kwenye chipsi mayai mara ya kwanza, atasema huna hadhi.

MHUDUMU: Akisema hivyo amekusaidia kumjua mapema, kwa bei ya chipsi. Na wengine, dada utanisamehe, wanakuja na marafiki wawili ambao hawakutajwa. Kijana alijiandaa kwa watu wawili, meza ina wanne, na marafiki ndio wanaoagiza kuku mzima.

MUUGUZI: Sikasiriki, ni kweli ipo. Ila jiulize kwa nini wanakuja na rafiki. Mara nyingi ni woga. Ukiniita mahali peupe mchana, sihitaji mlinzi. Na nikitaka kuja na mtu, nitasema mapema, na yule mtu atajilipia au nitamlipia mimi.

SHANGAZI: Na mwulize mwenzako anakula nini. Kuuliza si ujinga. Nimeona kijana amempeleka binti wa Kiislamu kwenye baa inayochoma kitimoto, na bado anashangaa kwa nini binti hakugusa hata soda. Nimeona aliyealika chakula cha mchana ndani ya Ramadhani. Kwaresima nayo ina watu wake. Mambo haya yanajulikana kwa swali moja.

MHUDUMU: Mkitaka mahali, mji huu umejaa. Coco Beach alasiri kuna mihogo ya kukaanga na kachumbari, upepo wa bahari hauna kiingilio. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, au Kijiji cha Makumbusho barabara ya Bagamoyo, kuna vitu vya kuangalia, na hilo linawafaa watu wenye haya. Mkikosa maneno, mnazungumzia mnachokiona. Sinema mara ya kwanza siishauri: mnakaa saa mbili gizani, mnatoka hamjajuana.

Usalama

MUUGUZI: Hapa ndipo sitaki mzaha. Kwenye wodi tunapokea watu ambao siku yao ilianza kama mtoko. Sheria zangu ni chache. Nakwenda mwenyewe, narudi mwenyewe, sipakiwi kwenye gari la mtu ninayeonana naye mara ya kwanza. Nauli ya kurudi inakaa mfukoni kwangu, mbali na pesa nyingine. Mahali pakibadilishwa dakika za mwisho, nageuza. Sihitaji kueleza zaidi ya kusema, "Tulikubaliana pale, tutapanga siku nyingine."

MHUDUMU: Na kinywaji. Desturi yetu wahudumu ni soda kufunguliwa mbele ya mteja. Tunauliza, "Nifungue?" Swali hilo lina maana, usilipuuze. Ukienda chooni ukarudi ukakuta umemiminiwa, agiza nyingine. Mhudumu mwenye akili hatakuuliza kwa nini.

FUNDI: Upande wa simu mniachie mimi. Kwanza, piga simu ya video siku moja kabla, hata dakika mbili. Picha inaweza kuwa ya mtu mwingine, lakini sura inayozungumza ni ngumu kuigiza. Pili, unapotaka kumtumia mtu pesa kwa simu, jina la laini linaonekana kabla hujathibitisha. Wengi wanalitumia hilo kujua kama aliyejitambulisha kwa jina fulani ndiye. Laini zetu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole kuanzia 2019 hadi mwanzoni mwa 2020, kwa hiyo jina lile lina uzito, ingawa wapo wanaotumia laini ya mama au kaka. Likitofautiana, uliza, usihukumu. Tatu, WhatsApp inakuwezesha kumwonyesha mtu mahali ulipo kwa dakika 15, saa 1 au saa 8. Chagua saa 8, mtumie dada yako au rafiki mmoja. Chaji ijae kabla hujatoka.

SHANGAZI: Hapo ndipo nilipokuwa nasubiri. Nyinyi mnakutana kwa siri, halafu mnatafuta ulinzi kwenye simu. Zamani mshenga alikuwa anajua ukoo wa kijana, kazi yake, tabia yake, na kama kuna mke mwingine aliyefichwa. Binti hakuingia gizani. Leo binti anaulizwa anakwenda wapi, anajibu, "Kwa rafiki." Kukitokea la kutokea, sisi tunaanza kutafuta wapi?

MUUGUZI: Shangazi, nikimwambia mama kila ninayekunywa naye soda, kesho ataanza kuuliza mahari.

SHANGAZI: Basi usimwambie mama. Mwambie mtu mmoja mwenye akili zake. Jina la kijana, namba yake, mahali, saa ya kurudi. Mimi ningependa ajue mtu mzima, lakini kama ni rafiki, awe rafiki anayepokea simu.

FUNDI: Na sisi wanaume tufanye hivyo hivyo. Wapo vijana walioitwa na picha nzuri, wakafika wakakuta vibaka. Wanaume hatusemi kwa sababu ya aibu.

MWANDISHI: Kauli hii ya mwisho ingestahili kusemwa kwa sauti kubwa zaidi. Tahadhari si jambo la wanawake peke yao, na mwanamume anayemwambia mwenzake "nimemjulisha ndugu yangu niko hapa" anampa yule mwingine ruhusa ya kufanya hivyo bila kuona haya. Na likitokea la kutokea, namba ya dharura ya polisi ni 112, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto ambalo kazi yake ni kusikiliza kesi za namna hii.

Mezani

MHUDUMU: Jambo la kwanza, simu. Anayeiweka juu ya meza huku kioo kinawaka kila dakika anamwambia mwenzake kwamba kuna watu muhimu zaidi. Iweke mfukoni, mwangalie mtu aliyekuja kukuona.

SHANGAZI: Na uliza maswali yanayojibika. Kijana mmoja alimwuliza binti mara tu walipokaa, "Umeshawahi kuwa na wangapi?" Hilo si swali, hilo ni hukumu. Mwulize alikulia wapi, nani alimlea, kazi yake inamchosha wapi na inamfurahisha wapi. Mtu akikueleza alivyolelewa, umeshajua nusu ya atakavyoishi na wewe.

MUUGUZI: Kuna mambo ya lazima ambayo si ya siku ya kwanza. Afya ni mojawapo. Kupima VVU kunakuja kabla ya kulala pamoja, na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019 mtu anaweza hata kujipima mwenyewe. Selimundu nayo iulizwe kabla ya posa. Wazazi wawili wenye chembe ya kurithisha, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Hayo yana siku yake. Lakini siku ya kwanza, jambo moja halisubiri: kama una mke, mume au mchumba, sema kabla ya kuagiza.

FUNDI: Na lugha ya mhudumu iangaliwe. Anayemfokea mtu wa kuleta maji, siku moja atakufokea wewe.

Bili

FUNDI: Sasa tuseme ukweli. Bili ikija, mhudumu anaiweka mbele yangu. Kaka, kwa nini?

MHUDUMU: Mazoea. Na nikiiweka katikati, wanaume wengine wanaona nimewadharau.

FUNDI: Mimi sikatai kulipa. Ninachokataa ni kulipa kila mara, kisha nikaambiwa sina mapenzi.

MUUGUZI: Na mimi sikatai kulipiwa. Ninachokataa ni kulipiwa kisha nikaambiwa nimekula chakula cha mtu, kwa hiyo nina deni. Hilo neno "nimetumia pesa zangu" limeharibu jioni nyingi.

SHANGAZI: Aliyealika alipe, ndiyo heshima. Lakini binti naye asiende mikono mitupu. Kama kijana amelipa chakula, binti alipe juisi baadaye, au aseme, "Mara ijayo ni zamu yangu," na iwe kweli. Mkono mmoja ukitoa siku zote, unaanza kuhesabu.

MWANDISHI: Sheria yenyewe inatusaidia hapa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mtu kudai arudishiwe zawadi aliyoitoa kwa sharti la ndoa ambayo haikufungwa, mahakama ikiridhika kwamba sharti hilo lilikuwepo, na si vinginevyo. Kwa maneno mengine, mahari ya ndoa ambayo haikufungwa ina mlango wa kudaiwa, lakini sahani ya chipsi kuku haina. Kilicholiwa mezani kilikuwa ukarimu, na ukarimu haudai. Na kuhusu mwili, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka ridhaa kuwa ndiyo msingi, tena ridhaa isiyotokana na nguvu wala vitisho. Hakuna bili inayoinunua.

Baada ya hapo

MUUGUZI: Ukifika nyumbani, andika umefika. Ni ujumbe wa maneno mawili na unaonyesha adabu.

FUNDI: Na kama hujampenda, usimkaushie. Sisi tunakaa na simu wiki nzima tukitazama tiki mbili za bluu. Niambie hapana, nitaumia siku mbili, nitaendelea.

MUUGUZI: Wanawake wengi wananyamaza kwa sababu waliowahi kusema hapana walitukanwa. Ukitaka tuseme, pokea vizuri unapoambiwa.

FUNDI: Ni haki. Basi nami naahidi kujibu "asante kwa kuniambia" na kufuta namba.

SHANGAZI: Na picha zilizopigwa zifutwe. Na yaliyosemwa mezani yabaki mezani. Mwanamume anayekwenda kijiweni kusimulia, hata aliyekuwa anampenda atamkimbia.

MWANDISHI: Baada ya kuwasikiliza wote, nasimama na hoja yangu, lakini nimeirekebisha kwa maneno yao. Shangazi hakukubali kwamba vijana wakutane bila familia kujua, na sitajifanya amekubali. Ameacha swali zito: kazi aliyokuwa akiifanya mshenga, ya kuchunguza, kuuliza na kushuhudia, sasa inafanywa na nani? Jibu langu ni kwamba inafanywa na hao wawili wenyewe, na ndiyo sababu mtoko wa kwanza lazima uwe mdogo. Uchunguzi hauwezekani usiku, kwenye muziki mkubwa, ukiwa na deni la bili na hujui utarudije nyumbani. Unawezekana mchana, kwenye meza ya soda mbili, kati ya watu wawili ambao kila mmoja anaweza kusimama wakati wowote na kuondoka na heshima yake.

Anayeogopa kwamba udogo utaua mapenzi namwambia hivi: mapenzi yanayokufa kwa kukosa kuku mzima yangekufa kwa kukosa kodi ya nyumba. Makubwa yana wakati wake. Mtoko wa tatu uwe na samaki na muziki, wa kumi uwe wa kuvuka kwenda Zanzibar mkipenda. Wa kwanza uwe wa kuonana tu.

Na masharti yasemwe. Wengi wanaona haya kuyataja, wakidhani yanaondoa ladha. Kinachoondoa ladha ni kukisia. Kwa hiyo mwenye mtoko wiki hii, mwanamume au mwanamke, aandike leo ujumbe wa namna hii, abadilishe mahali na saa apendavyo: "Ningependa tuonane Jumamosi saa tisa alasiri, Makumbusho ya Taifa, Posta. Nina saa mbili hivi, nitaondoka saa kumi na moja. Vinywaji ni juu yangu kwa sababu nimekualika mimi. Kuna chakula usichokula? Mahali pakiwa hapakufai, niambie pengine, nitasogea."